Sahihi ya Kumi na Tisa

Disemba, Mikindani. Feni ya dari ina kilema,
inazunguka kama mtu aliyelazimishwa.
Mezani mafaili saba, kalamu nyekundu moja,
chai ya tangawizi imefanya utando.
Mkurugenzi ataka mpango wa mwaka ujao
kufikia Ijumaa, kabla hajapanda basi la Lamu.
Uzingatiaji wa Kanuni, chasema kichwa cha waraka,
maneno mazito kama gunia la saruji
na mpagazi ni mimi.

Naanza na friji ya chanjo.
Asubuhi na jioni, digrii zimeandikwa:
nne, nne, nne, mwezi mzima nne,
hata ile wiki ya Machi stima ilipopotea
Dzombo akabeba chanjo kwenye boksi la barafu
hadi Changamwe, mbio, jasho likimtoka hadi viatuni.
Friji gani hii isiyojua joto la Mombasa?

Sanduku la malalamiko lipo ukutani, karibu na famasi.
Ufunguo ni mmoja, na anao mlalamikiwa.
Leo nimeuomba. Nimekuta ganda la pipi,
mende aliyekauka, na kikaratasi cha Februari:
"Nililipishwa kitanda siku tatu. Nililala siku moja.
Sitaki mtu afukuzwe. Nataka pesa zangu."
Februari. Na hii ni Disemba.

Kisha mafunzo ya kunawa mikono, tarehe tisa Oktoba.
Waliotakiwa, thelathini na wawili.
Waliohudhuria, thelathini na wawili.
Asilimia mia,
tamu kama halua, huulizi kaipika nani.
Nateremka na kidole: kumi na saba, kumi na nane,
kumi na tisa: Mbodze Karisa, muuguzi, wodi ya uzazi.
Sahihi ipo, na mkia wake.

Kidole kikasita.

Mbodze tulimzika Agosti, kwao Kaloleni.
Udongo niliutia kwa mkono huu huu.
Yeye alinawa kwa sauti, akihesabu Kigiriama
mwenga, mbiri, hadi povu lifike viwikoni,
na mzazi akiona haya kufunuliwa
alimwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai,"
akacheka, na mzazi naye akacheka katikati ya uchungu.

Nikamwita Taib, karani.
Akaja, shati limemganda mgongoni.
"Wakaguzi walikuwa waja asubuhi yake," akasema,
"na ilitakiwa mia. Nilichukua orodha ya mwaka jana.
Nikanakili tu. Majina sikuyasoma, wallahi."
Akainua macho, akaitazama feni.
Mdomo nilikuwa nimeshaufungua nimkaripie
nikaiona, juu kabisa ya faili,
barua ya Januari kwa idara zote:
Chini ya asilimia mia hakutakubaliwa.
Na chini yake sahihi. Yangu.

"Kaa, Taib," nikamwambia. "Kunywa chai, ijapokuwa imepoa."

Basi mpango nimeuanza upya, kwa mkono, si kwa kompyuta.
Friji ikifika tisa, iandikwe tisa,
na aliyeandika tisa asiitwe ofisini kama mwizi.
Wakija watu kumi na mmoja, ni kumi na mmoja;
wa zamu ya usiku wafuatwe usiku.
Ufunguo wa sanduku uhame.
Yule wa kitanda arudishiwe siku zake mbili
kabla basi la Lamu halijavuka Nyali.
Mkurugenzi atauliza mia imekwenda wapi.
Bado sijui nitamjibu nini.

Ile ya kumi na tisa sikuifuta.
Nimeizungushia duara, nikaandika pembeni
siku aliyofariki, na barua iliyomfufua,
na nani aliyeiandika barua.

Nikaenda kunawa mikono.
Bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Nikarudi mezani,
nikaandika na hilo.